Maji yaliyojificha ndani ya mawe: Jinsi yanavyopimwa, na uhusiano wake na nguvu ya bara

MWANZONI mwa Mei 2024, mvua kubwa zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Makalavati yalisombwa, na magari ya abiria na ya mizigo yakakwama pande zote mbili za mkondo. Kwa mkazi wa Somanga, maji ni kitu kinachoonekana, kinachovuma, na kinachopimwa kwa kina cha mto na upana wa korongo lililoachwa nyuma.

Yapo, hata hivyo, maji ya namna nyingine ambayo hayajawahi kulowesha unyayo wa mtu yeyote. Hayo yamo chini ya ganda la dunia, ndani ya madini yanayounda sehemu ya juu ya tabaka nene ambalo wanajiolojia huliita mantili. Katika kilo moja ya madini hayo, mara nyingi maji hayo hayafikii hata uzito wa tone moja. Pamoja na uchache huo, wataalamu wengi wanaamini kuwa ni miongoni mwa mambo yanayoamua kama bara litashikamana au litapasuka.

Kwamba maji kidogo yanaweza kuathiri kitu kikubwa si jambo geni Somanga. Gesi asilia ya Songosongo, ambayo tangu mwaka 2004 imekuwa ikipita Somanga Fungu kwa bomba kuelekea Dar es Salaam, huondolewa kwanza mvuke wa maji kabla ya kuanza safari. Mvuke kidogo ukiachwa ndani ya gesi unaweza kutia kutu chuma na kuziba njia. Katika bomba kama ilivyo katika mwamba wa mantili, hesabu hufanywa kwa sehemu katika milioni.

Suala lenyewe linaihusu pwani hii kwa njia nyingine iliyo kubwa zaidi. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kuwa upande wa mashariki wa Bonde la Ufa unaachana na upande wa magharibi kwa kasi ya milimita chache kila mwaka. Somanga iko upande huo wa mashariki. Wapo hata watafiti wanaoihesabu sehemu ya kusini mashariki mwa Tanzania kuwa bamba dogo linalojitegemea, nao huliita bamba la Ruvuma. Milimita chache ni kidogo kuliko kucha inavyokua kwa mwezi mmoja na nusu, lakini kwa miaka milioni kumi huwa makumi ya kilomita.

Katika kuachana huko kuna jambo moja ambalo limewashughulisha wanajiolojia kwa muda mrefu. Bonde la Ufa halikuipasua Tanzania katikati. Limegawanyika matawi mawili, moja likipita magharibi kupitia Ziwa Tanganyika, jingine mashariki likishuka kutoka Kenya. Kati ya matawi hayo kumebaki pande kubwa la kale ambalo halikukatika, nalo ndilo linalobeba maeneo ya Shinyanga, Tabora na Singida. Pande hilo huitwa kratoni ya Tanzania. Miamba yake ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mizizi yake imezama ndani kabisa ya mantili. Tawi la mashariki lilipofika ukingoni mwake kaskazini mwa nchi, lilitawanyika na kuwa nyufa nyingi badala ya kukata moja kwa moja.

Kwa nini pande hilo limehimili? Jibu mojawapo ni kwamba ni baridi na nene. Jibu jingine ni kwamba ni kavu. Hili la pili ndilo linalohitaji kipimo, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Hakuna mtambo wa kuchimba uliowahi kufika kwenye mantili. Shimo refu kuliko yote, lile la Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262 mwaka 1989, ilhali ganda la dunia chini ya mabara kwa kawaida lina unene wa kilomita 30 hadi 40. Anayetaka jiwe la mantili mara nyingi inambidi asubiri aletewe na volkano.

Somanga haina jiwe la namna hiyo. Chini ya pwani ya Kilwa na Lindi kuna mrundikano wa kilomita kadhaa wa chokaa, mfinyanzi na mchanga, uliotuama tangu enzi ambazo Madagaska ilikuwa ikijitenga na Afrika. Miamba hiyo imeleta gesi, lakini haileti habari za mantili. Kwa habari hizo ni lazima kusafiri hadi bara, kwenye volkano ya Labait, karibu na Mlima Hanang mkoani Manyara. Iko ukingoni mwa kratoni, mahali hasa ambapo ugomvi kati ya pande la kale na Bonde la Ufa unaendelea. Lashaine mkoani Arusha nayo ina mawe ya aina hiyo, na miamba ya kimbalaiti iliyobeba almasi za Mwadui ilitoka katika vina vikubwa vilevile.

Lava ya Labait ilipopanda ilibomoa kuta za njia yake na kubeba vipande vyake hadi juu. Wanajiolojia huviita mawe mageni, kwa kuwa havikuzaliwa na lava iliyovibeba. Vingine vilitoka karibu kilomita 150 chini. Ni mawe ya kijani yenye uzito kuliko lava yenyewe. Kama lava ingepanda polepole yangezama na kubaki njiani. Kule kuonekana kwake juu ni ushahidi kwamba safari ilikuwa ya haraka, ya saa au siku, wala si ya miaka. Jambo hilo lina uzito wake katika upimaji, kama itakavyoonekana.

Neno maji hapa linahitaji kufafanuliwa, maana limewapotosha wengi. Mwaka 2014 almasi kutoka Juína, Brazili, ilikutwa na chembe ya madini ya ringwudaiti yenye maji yapatayo asilimia moja na nusu ya uzito wake, na magazeti ya nchi nyingi yakatangaza kuwa bahari imegunduliwa chini ya ardhi. Hakuna bahari. Ringwudaiti hukaa ndani zaidi, kilomita zaidi ya 500 chini, na hata huko hakuna kimiminika kinachoweza kuchotwa kwa ndoo.

Kilichopo ni atomu za haidrojeni zilizonaswa ndani ya fuwele. Mantili ya juu imeundwa zaidi na olivini, madini ya kijani ambayo kikemia ni magnesiamu, chuma, silikoni na oksijeni. Yako pia piroksini za aina mbili, na ganeti. Kanuni za kikemia za madini hayo vitabuni hazina haidrojeni hata kidogo, ndiyo maana yalihesabiwa kuwa makavu. Lakini fuwele ya kweli si kamilifu. Mahali ambapo atomu ya magnesiamu au silikoni imekosekana, haidrojeni hujipenyeza na kushikana na oksijeni iliyo jirani. Mwaka 1992 David Bell na George Rossman wa Taasisi ya Teknolojia ya California walionyesha kwamba madini hayo yanayoitwa makavu yanaweza kuwa ghala kubwa la maji ya mantili. Kwa desturi, haidrojeni ikishahesabiwa hugeuzwa kuwa uzito wa maji na kutajwa kwa sehemu katika milioni.

Sehemu moja katika milioni ni miligramu moja ndani ya kilo moja. Tone la maji lina uzito wa miligramu 50 hivi.

Mfinyanzi anajua tofauti ya udongo mkavu na udongo uliotiwa maji: huu hufinyangwa, ule huvunjika. Mfano huo hauafiki kwa kila kitu, kwa kuwa ndani ya olivini hakuna kimiminika, lakini matokeo yanafanana. Mantili ni jiwe gumu ambalo, kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 na kwa muda wa mamilioni ya miaka, hutiririka polepole sana. Haidrojeni ikiwamo, kasoro ndani ya fuwele husogea kwa urahisi zaidi, na jiwe hulegea. Aidha, maji hushusha kiwango cha joto ambacho jiwe huanza kuyeyukia, na hivyo kuhusika na kuzaliwa kwa volkano.

Njia inayotumika zaidi kupima ni ya mwanga. Haidrojeni na oksijeni zilizoshikana hutikisika kama uzi wa zeze, kwa kasi yake maalumu. Mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, ukipita na mawimbi yenye urefu wa kati ya mikroni 2.7 na 3.3, mtikisiko huo huufyonza. Chombo kiitwacho spektromita hulinganisha mwanga ulioingia na uliotoka, kisha huchora mstari wenye vilele pale mwanga ulipopungua. Kadiri vilele vinavyokuwa vikubwa, ndivyo haidrojeni inavyokuwa nyingi. Jiwe likiwa nene mara mbili, ufyonzaji huwa mara mbili, kwa hiyo unene lazima ujulikane kwa usahihi.

Kwa maneno hayo kazi inaonekana nyepesi. Mikononi si hivyo. Chembe ya olivini, ambayo mara nyingi haizidi milimita chache, huchaguliwa chini ya hadubini ikiwa haina ufa wala doa. Hunolewa pande mbili hadi ipenyeze mwanga kama kioo. Gundi iliyoishikilia wakati wa kunolewa ina haidrojeni yake yenyewe, hivyo huoshwa kwa asetoni hadi iishe kabisa. Hewa ya chumba ina mvuke, hata pumzi ya mpimaji ina mvuke. Kwa sababu hiyo chombo hupulizwa hewa kavu au nitrojeni muda wote wa kazi.

Tena fuwele ya olivini haifyonzi mwanga sawasawa kila upande. Mwanga ukipita kwa urefu wake hutoa jibu moja, ukipita kwa upana hutoa jingine. Mpimaji makini hupima pande tatu zilizo mraba na kuzijumlisha. Anayepima upande mmoja tu na kukadiria zilizobaki anaweza kukosea sana, na tarakimu nyingi za zamani zina udhaifu huo.

Uko pia udanganyifu wa mvua. Jiwe lililokaa juu ya ardhi kwa maelfu ya miaka hupenyezwa na maji ya kawaida kupitia nyufa ndogo, na olivini huanza kugeuka kuwa sapentini, madini yenye maji asilimia zaidi ya kumi. Uzi mmoja wa sapentini, mwembamba kuliko unywele, waweza kuzidi maji yote ya asili yaliyomo katika fuwele nzima. Bahati nzuri ni kwamba sapentini ina kilele chake katika mstari, na mwenye uzoefu hukitambua na kulitupa jiwe hilo.

Njia ya pili hutumia ioni. Boriti ya ioni za sesiamu hupigishwa juu ya jiwe ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, ikachimba kishimo cha upana wa makumi ya mikroni, na vipande vinavyoruka huhesabiwa kimoja kimoja. Njia hii hupima mahali padogo sana, hata ukingo na kitovu cha chembe ileile. Lakini hata utupu wa chombo hubakiwa na mvuke kidogo, nao huhesabiwa pamoja na wa jiwe. Ndiyo maana sampuli huzamishwa katika madini laini ya indiamu badala ya gundi, na chombo huachwa kikinyonywa hewa kwa muda mrefu kabla ya kazi.

Njia zote mbili zina deni moja. Zinasema jiwe hili lina maji zaidi ya lile. Ili ziseme ni kiasi gani, zinahitaji jiwe la kulinganishia ambalo kiasi chake kimejulikana kwa njia nyingine. Ni sawa na mizani ya sokoni: inafaa tu ikiwa jiwe la kilo moja kweli ni kilo moja.

Kwa olivini, jiwe hilo la mizani limebadilika zaidi ya mara moja. Mwaka 2003 Bell, Rossman na wenzao walichapisha kanuni iliyotokana na kupiga fuwele kwa chembe za nitrojeni yenye uzito wa 15, ambazo zikikutana na haidrojeni hutoa mionzi ya gama inayoweza kuhesabiwa. Kanuni hiyo ilipandisha makadirio ya awali maradufu na zaidi. Mwaka 2012 Anthony Withers na wenzake, kwa kutumia njia nyingine ya kuing'oa haidrojeni na kuihesabu moja kwa moja, walipata kiwango kilicho chini ya kile cha 2003 kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Jiwe lililosomwa sehemu 30 katika milioni kwa kanuni ya kwanza husomeka karibu 19 kwa kanuni ya pili. Hakuna kilichobadilika ndani ya jiwe.

Kisha kuna safari yenyewe. Haidrojeni ndiyo atomu nyepesi kuliko zote, na katika olivini yenye joto kali hutoroka kwa muda wa saa chache. Jiwe linaweza kuondoka kilomita 150 chini likiwa na maji na kufika juu likiwa limepungukiwa. Watafiti hutafuta dalili za utoro huo kwa kupima chembe moja kutoka kitovuni hadi ukingoni. Maji yakiwa sawa kote, huenda hayakutoroka. Yakipungua kuelekea ukingoni, yalikuwa yakitoka wakati lava inapanda, na umbo la mpunguo huo huweza hata kutumika kukadiria safari ilichukua muda gani. Piroksini huaminiwa kushika maji yake vizuri zaidi, kwa hiyo hutumika kama shahidi wa pili.

Mwaka 2015 Hejiu Hui, Anne Peslier, Roberta Rudnick na wenzao walichapisha vipimo vya mawe ya Labait. Olivini zilikuwa na maji kati ya sehemu 1 na 39 katika milioni. Aina moja ya piroksini kati ya 10 na 150, na nyingine kati ya 16 na 340. Kwa lugha ya jikoni, kilo nzima ya olivini yenye maji mengi kuliko zote haikufikisha tone moja, na kilo ya piroksini iliyoongoza ilikuwa na matone kama saba. Kwa ukubwa wa mantili, hata hivyo, hesabu hukua: kilomita moja ya ujazo ya mwamba wenye sehemu 10 tu katika milioni ina maji ya kutosha lita milioni 33.

Watafiti hao walieleza kuwa tarakimu za Labait ziko upande wa chini zikilinganishwa na mizizi ya kratoni nyingine. Lakini walibaini jambo la pili, ambalo pengine ni la maana zaidi. Mwamba uliowahi kuyeyuka kiasi na kuachwa, kama ulivyokuwa mwamba huu enzi za kale, unapaswa kuwa mkavu kuliko walivyoukuta, kwa kuwa maji hukimbilia kwenye uji wa mwamba na kuondoka nao. Maji yaliyomo, kwa maelezo yao, yaliongezwa baadaye na uji uliotoka katika mkondo wa joto unaopanda kutoka ndani ya dunia chini ya Afrika Mashariki, na uji huo nao haukuwa na maji mengi. Yaani mzizi wa kratoni, ukingoni mwake, umekwisha kuguswa.

Tarakimu hizi husomwa pamoja na za Kaapvaal, kratoni ya Afrika Kusini. Mwaka 2010 Peslier na wenzake waliripoti kuwa olivini kutoka chini kabisa ya mzizi wa Kaapvaal zina maji pungufu ya sehemu 10 katika milioni, wakatoa hoja kuwa ukavu huo ndio unaoufanya mzizi uwe mgumu kuliko mantili yenye joto inayotiririka chini yake, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya kratoni kudumu mabilioni ya miaka.

Hoja hiyo haikupita bila kupingwa. Mwaka 2013 Hongzhan Fei na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, walipima jinsi silikoni inavyosogea ndani ya olivini na kudai kwamba maji yana athari ndogo sana juu ya ulaini wa mantili kuliko ilivyodhaniwa kwa miongo kadhaa. Majaribio ya awali, walieleza, huenda yalipotoshwa na maji ya ziada yaliyokuwamo pembezoni mwa chembe. Mjadala huo unaendelea, na uzito wake si mdogo: kama Fei yuko sahihi, basi ukavu si kinga ya kratoni, na sababu itafutwe kwenye baridi na unene.

Ifahamike pia kwamba vipimo hivi havitabiri tetemeko. Lile la Agosti 12, 2020, lililotokea baharini na kutikisa Dar es Salaam na maeneo mengine ya pwani, lisingeweza kutajwa siku wala saa na spektromita yoyote. Kinachopimwa ni ulegevu wa mwamba kwa mamilioni ya miaka.

Kwa maeneo yasiyo na volkano ya kuleta mawe, hubaki njia ya umeme. Haidrojeni ndani ya olivini husaidia kupitisha umeme, na mikondo ya asili inayozalishwa na mabadiliko ya usumaku wa dunia hupenya hadi ndani ya mantili. Vyombo vilivyozikwa ardhini husoma mikondo hiyo juu ya uso wa nchi. Kate Selway na wenzake waliitumia njia hii kukadiria maji ya mantili ya Tanzania na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014. Udhaifu wake ni kuwa joto, uji wa mwamba na hata grafaiti navyo hupitisha umeme, hivyo inahitaji mawe kama ya Labait ili kuthibitisha kinachosomwa.

Katika pwani kama ya Somanga ugumu huongezeka. Tabaka nene la miamba laini iliyolowa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na bahari iliyo kando huvuta mikondo upande wake, kiasi kwamba sauti dhaifu ya mantili hufika juu ikiwa imefunikwa. Anayetaka kuisikia inambidi aache vyombo ardhini kwa siku nyingi, na aiondoe bahari kwa hesabu kabla ya kuanza kusoma jiwe.